Tabia ya Upepo na Tabia ya Mtu

 Jamaa zangu wote, wa Maskati na Zanzibar, wa Dubai na Uingereza, na kila pembe ambako kitabu chetu hiki cha mwaka kinafika, naomba mnivumilie kurasa chache. Nina neno la kusema, na nimelikalia mwaka mzima.

Katika kitabu cha mwaka jana, kwenye kurasa za vijana, mpwa wangu anayesoma fizikia huko Manchester aliandika makala aliyoiita "Kinachopimika Ndicho Kilichopo". Wengi wenu mliisoma, na wengi zaidi, kama ilivyo ada yetu, mliisikia kwa waliosoma. Tangu hapo simu hazikukatika. Wahariri wamepokea barua tatu zinazotaka kurasa za vijana zipitiwe na wazee kabla ya kuchapwa, na ya nne inataka jina la kijana huyu lisionekane tena humu. Ziko nyumba ambazo hazikumwalika kwenye harusi mbili za mwaka huu. Upande wa pili, wako vijana walioinakili makala ile wakaisambaza kana kwamba ni waraka wa ushindi.

Mimi ni mjomba wake, na nimekaa na pande zote mbili. Naona pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea mahali pamoja. Ndiyo maana naandika.

Kijana wetu alisema mambo mawili, nasi tumeyasikia kama jambo moja. La kwanza alilosema ni kwamba kila kilichopo ni maumbile: jiwe, mti, wingu, damu, akili na hata mapenzi, vyote vimo katika ulimwengu huu mmoja, na vyote vina sababu zake humu humu. La pili ni kwamba njia ya kuyajua maumbile ni moja tu, nayo ni sayansi; kilichobaki, yaani historia, sheria, ushairi na hekima za wazee, ni maoni na mapambo.

Kwa hilo la kwanza mimi na yeye tumeachana njia, kwani mimi naamini kuwa maumbile yana Muumba. Lakini hilo si la leo. Hilo ni baina yake na Mola wake, na mlango haujafungwa. La leo ni hilo la pili. Nami nasema hivi: hata mtu anayeshikilia kuwa hakuna kitu nje ya maumbile, halazimiki kusema kuwa sayansi ndiyo njia pekee ya kuyajua. Aweza kulishika la kwanza na kuliacha la pili bila ya kujisaliti. Na nikitazama vizuri, naona kuwa akiifuata akili yake hadi mwisho, atalazimika kuliacha.

Msidhani nasema haya kwa kuwa sayansi sikuijua. Nilifika Maskati mwaka 1974, nikapata kazi katika kituo cha hali ya hewa, na nikaifanya kazi hiyo miaka 31 hadi nilipostaafu. Mara mbili kwa siku, saa kumi alfajiri na saa kumi jioni kwa saa zetu za hapa, tulirusha puto lenye chombo cha kupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Puto hilo hupanda hata kilomita 30 na zaidi kabla ya kupasuka, na wakati huo huo vituo vingi duniani huwa vimerusha yao. Hivyo hakuna nchi inayoijua hewa yake peke yake. Kila mtu hutia namba zake kwenye chungu kimoja. Hakuna kitu nilichokiheshimu katika kazi kama kile. Kimbunga Gonu kilipokuja Juni 2007, mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini niliitazama ramani nikajua kuwa vijana wa kituoni wameiona njia yake mapema. Watu wapatao 50 walifariki hapa Oman, na kila mmoja wao ni msiba. Lakini maelfu walikwishahamishwa kutoka pwani. Walionusurika vile walinusurishwa na namba.

Basi mimi si adui wa vipimo. Ninachouliza ni kama vipimo vinatosha.

Nianze na babu yangu, ambaye wakubwa kati yenu mnamkumbuka. Alikuwa nahodha wa jahazi. Aliijua kaskazi, iletayo vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Disemba, na aliijua kusi, inayovirudisha. Aliijua demani, aliyajua maleleji baina ya misimu ambapo upepo hauna msimamo, aliijua matlai ya asubuhi na umande wa usiku utokao bara. Siku zake alizihesabu kutoka Nairuzi, kumi kumi, na akikwambia kuwa siku fulani usitie chombo majini, ulikuwa husubiri sababu. Kule kwenye nyota alikuwa akipima urefu wa nyota kwa vidole, kama walivyofanya manahodha wa Ahmad ibn Majid miaka mia tano iliyopita.

Mwingereza Edmond Halley aliandika mwaka 1686 kujaribu kueleza pepo hizi za misimu, akasema kuwa chanzo chake ni joto la jua. Alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, na wengine baada yake wakasahihisha kwa kuingiza mzunguko wa dunia. Lakini vyombo vilikuwa vikipanda na kushuka pwani yetu kwa pepo hizo tangu karne ya kwanza, na hilo limeandikwa katika kitabu cha Kiyunani cha wakati huo kiitwacho Periplus. Miaka elfu moja na mia sita watu waliujua upepo bila ya kujua nadharia yake. Je, hawakuwa na elimu?

Najua mpwa wangu atajibu nini, kwa sababu ameshanijibu. Atasema: "Mjomba, babu alikuwa mwanasayansi bila ya kujijua. Alitazama, akakumbuka, akajaribu." Nami namkubalia. Elimu ya babu ni jamaa ya sayansi, na mfano huu peke yake haunitoshi. Kwa hiyo nitaleta mwengine.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, na Muqaddima yake aliiandika mwaka 1377. Alikuwa kadhi, mtu wa dini, na alimaliza umri wake Cairo mwaka 1406. Alipotaka kujua kwa nini dola huinuka na kuanguka, hakusema tu kuwa ni majaaliwa akaishia hapo. Alitafuta sababu katika maisha ya watu wenyewe: mshikamano wa ukoo, ugumu wa jangwa, ulaini wa mji, uzito wa kodi. Aliwalaumu wanahistoria waliopokea habari bila ya kuzipima. Mwanahistoria Masudi alikuwa ameandika kuwa jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun akauliza: nchi gani ingewalisha? Na wangejipanga vipi vitani, ikiwa upande mmoja wa safu hauwezi kujua yanayotokea upande wa pili? Habari hiyo, akasema, haiendani na tabia ya maisha ya watu.

Tazameni alichokifanya. Alieleza mambo ya wanadamu kwa sababu za kidunia, bila ya kutoka nje ya maumbile. Lakini hakuwa na maabara. Dola huanguka mara moja. Huwezi kuirudisha juu ukaiangusha tena ili uhakikishe. Alitumia akili ya mtu anayewajua watu, aliyefanya kazi kwa masultani, akafungwa jela, akaona fitina kwa macho yake. Kama hiyo si elimu, basi tuichome Muqaddima. Na kama ni elimu, basi imekwisha hoja ya kuwa anayetafuta sababu katika maumbile lazima awe na mizani na themometa.

Hapo nimelitumia neno "tabia", nami nataka tusimame kidogo juu yake. Kwa Kiarabu neno hili lina maana ya maumbile, yaani kitu kilivyo kwa asili yake. Sisi tulipolichukua tukaliweka kwenye mwenendo wa mtu. Tunasema fulani ana tabia nzuri, na fulani hana tabia. Lakini hatukuiacha ile maana ya kwanza, kwani leo katika habari za hali ya hewa neno lililoshika ni "tabianchi", nalo ni tabia ya nchi, mvua zake na jua lake. Nilipokuwa nikilisikia neno hilo katika redio nilikuwa nikicheka peke yangu. Miaka 31 nilipima tabia za nchi, na jioni nikirudi nyumbani nikahangaika na tabia za watoto wangu. Lugha yetu inasema kuwa vitu hivi viwili ni vya ukoo mmoja.

Na kweli ni vya ukoo mmoja. Mtoto hazaliwi na adabu kama anavyozaliwa na meno yake yamejificha kwenye fizi. Anafundishwa: salamia wakubwa, usile kabla ya mgeni, usichukue kisicho chako. Baada ya miaka mambo hayo yanakuwa ndiyo yeye, hawezi kuyavua. Wahenga wamesema tabia ni ngozi. Sasa, tabia ya namna hii ni maumbile au si maumbile? Ni maumbile, kwa sababu haitoki popote ila katika mwili, malezi na mazoea ya watu. Lakini ukitaka kujua kama mtu fulani ni muungwana, puto halikusaidii. Unamjua kwa kukaa naye, kusafiri naye na kukopeshana naye. Na unaweza kukosea, na ukikosea kuna watu wa kukusahihisha. Kitu ambacho unaweza kukosea na kusahihishwa si mapambo. Ni elimu.

Waliozaliwa hapa Oman nawapa mfano mnaoujua kwa miguu yenu: falaji. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Oman katika urithi wa dunia, na zilistahiki. Maji yanatolewa chini ya mlima, yanapita kwenye mfereji wenye mteremko mdogo sana, kilomita nyingi, hadi kijijini bila ya pampu. Waliopima mteremko ule walikuwa mafundi wa hali ya juu. Kisha maji yanagawiwa kwa zamu, na kipimo cha zamu ni athar, kadiri ya nusu saa. Mchana walipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimamishwa uwanjani, na usiku kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota. Hadi hapo mpwa wangu anafurahi, kwani hiyo ni sayansi tupu.

Lakini maji hayaendi kwanza kwenye bustani. Yanapita kwanza mahali pa kunywa, ambapo kila mtu anachota bila ya malipo, hata mpita njia. Kisha yanapita msikitini na mahali pa kuogea. Baada ya hapo ndipo yanaingia kwenye mitende ya wenye hisa. Na kuna hisa ambazo si za mtu yeyote, ni za falaji yenyewe. Zinanadiwa, na pesa zake ndizo zinazoitengeneza inapobomoka. Kivuli cha kijiti kinaonyesha kuwa zamu ya fulani imekwisha. Hakionyeshi kwa nini mwenye kiu atangulie mbele ya mwenye mitende mia. Hilo limejulikana kwa njia nyingine: kwa vizazi vya watu waliogombana, wakasikilizana, wakakosea, wakarekebisha, hadi wakafika kwenye mpango ambao tajiri na maskini wote wanauita haki.

Mtaalamu wa jamii aweza kuja na daftari akaandika kuwa watu wa kijiji hiki hugawa maji hivi. Hiyo ni sayansi, tena nzuri. Lakini akiulizwa, "Je, wamegawa sawa?", daftari lake haliwezi kumjibu. Lazima akae chini kama watu wote, asikilize, apime kwa akili na insafu. Na katika kufanya hivyo hakutoka nje ya ulimwengu. Maji ni ya ulimwengu huu, kiu ni ya ulimwengu huu, na ugomvi ni wa ulimwengu huu.

Mpwa wangu asidhani kuwa ni wa kwanza kusimama pale aliposimama. Mwaka 1929 kundi la wataalamu wa mji wa Vienna walitoa kijitabu cha kutangaza kuwa ulimwengu utazamwe kwa macho ya sayansi tu. Nao hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, Otto Neurath, alijenga makumbusho ya kuwafahamisha wafanyakazi wa kawaida takwimu za nchi yao kwa picha, ili wasidanganywe na wakubwa. Walichoka na maneno makubwa yasiyo na maana. Lakini baadaye yuko mwanafalsafa wa Oxford, P. F. Strawson, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1985 alisema kuwa kuna namna mbili za kuwa mtu wa maumbile. Iko namna kali, inayotambua kile tu ambacho sayansi inakitambua. Na iko namna pana, inayosema kuwa shukrani, hasira ya aliyedhulumiwa, kulaumu na kusamehe, vyote ni sehemu ya maumbile ya mwanadamu, na hatuwezi kuvitupa kwa sababu tu havionekani kwenye darubini. Hakuwa akihubiri dini yoyote. Alisema hayo akiwa ndani ya nyumba ile ile aliyomo mpwa wangu, akamwonyesha kuwa nyumba ina vyumba zaidi ya kimoja.

Na liko swali dogo ambalo nilimuuliza kijana kwa simu. Nilimwambia: umesema kuwa kisichothibitishwa na sayansi si elimu. Kauli hiyo yenyewe imethibitishwa na jaribio gani? Nitajie chombo kilichoipima. Akanyamaza, akacheka, akasema, "Hiyo ni kanuni ya kazi, Mjomba, si matokeo ya jaribio." Vyema. Lakini kanuni ya kazi huchaguliwa kwa kuwa ni nzuri, ina manufaa, inatuepusha na udanganyifu. Na nani amepima uzuri huo? Umeupima kwa akili na uzoefu, kama watu wa falaji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawatapenda lisemwe. Nimeomba ruhusa kwa watoto wa marehemu, na wameniruhusu.

Dada yangu, mama yake kijana huyu, alihisi uvimbe katika ziwa lake. Binti yake alitaka ampeleke hospitali siku ile ile. Lakini wakatokea jamaa, kwa mapenzi yao, wakasema kuwa kisu kitauamsha ugonjwa, na kwamba yuko mtu mwenye elimu ya wazee anayetibu mambo haya. Akaletwa. Ikawa dawa ya kuchemsha na dawa ya kupaka, miezi minne. Alipofikishwa hospitali, saratani ilikuwa imeshatembea. Sisemi kuwa miezi ile minne ingempa umri. Hilo analijua Mungu. Nasema kuwa nafasi ilikuwapo na ikapotea.

Na mimi, mtu wa vipimo, nilikuwa wapi? Kijana alinipigia simu kutoka Manchester akaniambia, "Mjomba, wewe wanakusikiliza. Waambie." Nilimjibu kuwa tusiwavunjie watu heshima, tuwape muda. Nilinyamaza. Hilo nimelibeba, na nalikiri hapa mbele yenu nyote.

Basi mkisoma makala yake tena, isomeni mkijua hilo. Kijana hakuichukia hekima ya wazee bure. Aliliona jina la hekima ya wazee likitumiwa kumfungia mama yake mlango wa hospitali. Mtu aliyeumizwa na mlango mmoja huja akaifunga milango yote.

Kwa hiyo nawaambia wale wanaofurahi kuwa mjomba anaipinga sayansi: sikuipinga. Kila elimu ina mahakama yake. Swali la kama uvimbe ni saratani au si saratani ni swali la mwili, na mahakama yake ni darubini na daktari. Ada haina kiti pale. Aliyeipeleka kesi ile kwa mganga alikosea mahakama. Hata babu yangu, pamoja na ujuzi wake, alikuwa na mpaka. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaing'oa mikarafuu, na meli za Seyyid Barghash zikaangamia bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Manahodha wa wakati ule hawakuwa wajinga. Lakini jambo lile halikuwamo katika kumbukumbu zao, na mazoea hayawezi kukuonya juu ya kitu yasichowahi kukiona. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, watu walionywa mapema. Hiyo ndiyo tofauti, na anayeidharau anacheza na roho za watu.

Lakini kosa la kupeleka kesi ya mwili kwa mganga halisahihishwi kwa kupeleka kesi zote maabara.

Usiku wa tatu wa matanga ya dada yangu, kijana alikuwa ameshafika, amechoka na safari, maziko hakuyawahi. Khalati yake mmoja alimwambia maneno ya kumpoza, naye akajibu, "Huzuni ni kemikali za ubongo, khalati, zitapita." Watu waliguna. Wengine mnasema hadi leo kuwa maneno yale yalikuwa ya kumtukana marehemu. Mimi nilikuwapo, na nilimfuata barazani.

Sikumgombeza. Nilimwambia kuwa bila shaka huzuni imo mwilini. Ingekuwa wapi kwingine? Kifua kinabana, usingizi unaruka, chakula hakipiti. Kisha nikamuuliza: "Ungepewa kidonge usiku huu cha kuiondoa huzuni yote, ukaamka asubuhi umepona kabisa, kana kwamba aliyekufa ni mtu usiyemjua, ungekinywa?" Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "La, Mjomba. Ingekuwa kumkosea."

Nikamwambia, "Basi hilo la kumkosea, umelijuaje?"

Hakunijibu, wala sikumshindikiza. Lakini jibu mnaliona. Alilijua. Hakulidhani, hakulipenda tu kama mtu anavyopenda embe kuliko nanasi. Alijua kuwa mama yake anastahiki huzuni ile, na kwamba kuikwepa ni kumdhulumu. Hakuna chombo kilichompa habari hiyo. Aliipata kwa kulelewa na mama yule, kwa miaka ya kubebwa, kulishwa na kusomeshwa, hadi akawa mtu anayeweza kuliona deni pale lilipo. Kemikali zipo, naam. Zinaeleza huzuni inavyokwenda. Hazielezi huzuni ni ya nani, na kama ni haki.

Kwa hiyo haya ndiyo maombi yangu.

Kwa wahariri wa kitabu hiki: msiwawekee vijana mlinzi mlangoni. Makala ya mpwa wangu ilikuwa na kosa la hoja, na kosa la hoja hujibiwa kwa hoja, kama ninavyofanya. Mtoto anayefungiwa kusema nyumbani atakwenda kusema nje, na huko hakuna mjomba wa kumjibu kwa mapenzi. Mpeni nafasi mwaka ujao anijibu. Amekwishaniahidi kuwa atanijibu, na ameniambia nisitarajie huruma.

Kwa wakubwa: akiugua mtu, hospitali kwanza, na dua iende pamoja naye. Msiitumie heshima yetu kufunga midomo ya wanaojua. Na msimhukumu mtu kwa neno alilolisema usiku wa tatu wa msiba.

Kwa vijana: msichanganye mambo mawili. Ukiona kuwa ulimwengu una sababu zake, hilo halikulazimishi kudharau kila kisicho na namba. Mkija likizo, kaeni na wazee waliobaki, muwaulize majina ya pepo, hesabu ya Nairuzi, zamu za falaji, na jinsi walivyokuwa wakiamua ugomvi. Andikeni. Yale yanayopimika yapimeni, na yakionekana si kweli semeni si kweli. Yale yasiyopimika yajadilini, kwani nayo yana kweli na yana uongo.

Na kwako mpwa wangu: hitma ya mwaka ya mama yako itasomwa nyumbani kwangu mwezi wa Shaaban. Wako watakaokuja na wako watakaokasirika kuwa umealikwa. Njoo hivyo hivyo. Usiyemwamini usimwige, lakini njoo ukae nasi, kwa sababu unajua kuwa kutokuja ni kumkosea.

Wassalaam.

Ni mimi mjomba wenu, Maskati.